Siku Niliyowaamkia Wazee Wote Hewani

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana mkisimuliwa na wengine mtaambiwa vibaya zaidi: yule mtu aliyeipigia redio magoti ni mimi. Ndiyo, redio, kisanduku cha bati juu ya meza, na kofia nimeivua nimeishika mkononi, na kijiji kizima kimejaa mlangoni kinanitazama. Mmekuwa mkiniuliza miaka yote kwa nini nikishika simu nasema neno langu moja nakata, bila habari za nyumbani wala hamjambo, nami nawajibu kwamba masikio yangu yamechoka. Uongo mtupu. Leo nasema, mcheke mmalize.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa mimi nilikuwa mtunza redio wa kijiji chetu, kule juu ya Gare, mwendo wa saa tatu kwa miguu kama huna mzigo (na nani alikuwa hana mzigo?). Haikuwa redio ya kusikilizia taarifa ya habari, ilikuwa ile ya kuongea, bonyeza useme, achia usikie, wenyewe tukiiita simu ya upepo. Tulipewa na hospitali ya misheni baada ya masika moja mbaya sana, barabara ilikatika kule bondeni na mke wangu Agnes akashikwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza, tukambeba kwa machela mpaka ukingoni mwa yale maporomoko, tukasimama pale na mvua inatunyeshea, ng'ambo hakuna gari kwa sababu hakuna mtu aliyejua kwamba tunalihitaji. Mtoto yule tulimzika Gare. Kwa hiyo hata mkiniona nacheka katika habari hii, jueni kile kisanduku kwangu hakikuwa mchezo, na mwaka ninaousimulia Agnes alikuwa mjamzito tena, mimba ya miezi saba.

Na kazi ile niliipenda, acheni tu. Asubuhi ukungu unapanda kutoka bondeni taratibu, unafunika migomba, unafunika paa la ofisi, unaingia mpaka mlangoni, mimi nimekaa ndani peke yangu na blanketi mabegani na visikio masikioni, nasubiri, halafu kutoka ndani ya ule weupe sauti zinaanza kuja, moja baada ya nyingine, sauti za watu walio nyuma ya milima, wanakohoa, wanataja mvua iliyonyesha kwao, wanataja mgonjwa, kisha zinafifia, kisha zinarudi. Nilikuwa nafumba macho naona kama milima yenyewe imeamka inaulizana hali. Mara ngapi nilisahau kuandika! Agnes akileta chai ananikuta vile, kalamu imekauka, anasema, "Zakaria, umeshaondoka tena?"

Tabu yetu ilikuwa moja, kwamba wimbi la hewani lilikuwa moja na sisi tulikuwa watatu: kijiji chetu, hospitali ya misheni karibu na Lushoto, na kiwanda cha mbao upande wa pili wa msitu. Kila redio ina kijiwe kidogo ndani yake, na hicho ndicho kinachoamua iseme kwenye wimbi lipi, na vijiwe vyetu vyote vitatu vilikatwa sawasawa, na kupata kingine ni kuagiza ng'ambo ungoje mpaka uote mvi. Sasa wawili wakibonyeza kwa pamoja hakuna anayesikika, unatoka mluzi, mluzi mkali wa kuchoma ubongo. Kuna kijana wetu gogo lilimvunja mguu nikaita gari asubuhi nzima, na kiwanda nacho asubuhi nzima kinasoma orodha ya magogo, gari likaja kesho yake. Anachechemea mpaka leo.

Ndipo akaletwa fundi Mhina kutoka Tanga, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, penseli juu ya sikio. Alilala kwetu siku tatu, akala viazi vyetu, akasikiliza, akaandika, kisha akatukusanya.

"Wimbi ni moja," akasema, "na halitakuwa mawili. Basi tuishi humo kijamaa."

Akatugawia zamu kwa saa: saa mbili kamili kijiji, robo saa baadaye hospitali, kisha kiwanda, halafu mnazunguka hivyo mpaka jioni. Kabla hujabonyeza, sikiliza. Maneno yawe machache. Mwenye dharura tu ndiye anayeruhusiwa kumkatiza mwenzake. Na ule waya wa hewani, tuliokuwa tumeufunga kati ya mikaratusi miwili, akaugeuza, maana alituambia sauti hutoka kwa wingi ubavuni mwa waya na kwenye ncha inatoka kidogo tu, kwa hiyo ubavu tukauelekeza hospitali, ncha tukaielekeza kiwandani, ili kiwanda kisitufunike nasi tusikifunike. Mpaka hapo tulikuwa tunaitikia kwa vichwa. Halafu akasema, "Na salamu, marufuku."

Watu wakatazamana. Mwenyekiti wa kijiji akauliza, "Hata shikamoo?"

"Hasa shikamoo. Nimewasikiliza siku tatu. Ninyi watu wa milimani mnaamkiana mpaka betri inazima." Akafunga kitabu chake. "Nitarudi Jumamosi ya wiki ya pili, nikae hapa nisikilize mwenyewe. Sauti zikigongana tena, redio moja itaondolewa, na ya mwisho kuja ndiyo ya kwanza kuondoka."

Ya mwisho kuja ilikuwa yetu.

Mngeniona wiki ile ya kwanza! Zamu yangu ikifika naongea, ikiisha nanyamaza, hewa imetulia mpaka nasikia saa ya ukutani. Lakini kiwandani aliyeshika redio alikuwa Mzee Shemdoe, na Mzee Shemdoe ndiye baba yake Agnes. Sasa mkwe kwetu si mtu wa kumfanyia haraka. Nikikutana naye njiani navua kofia, nachutama pembeni mpaka aseme neno, sikalii kiti chake, sili mbele yake. Na mwaka mzima tangu redio ije nilikuwa namwamkia hewani kila asubuhi naye ananijibu polepole, anauliza mahindi, anauliza nyumba, anauliza mbuzi mmoja mmoja kwa rangi yake. Leo wiki ya pili, kimya. Siku ya Alhamisi lori la mbao likapita, dereva akatoa kichwa dirishani, "Zakaria! Mkweo anauliza amekukosea nini. Anasema siku hizi anakusikia kwa mbali unaongea na wengine, yeye umempa mgongo."

Umempa mgongo! Mimi! Na hapo ndipo nikapata lile wazo langu, na naomba mnielewe kwamba wakati ule lilionekana la akili nyingi: nitaugeuza waya kidogo tu, mzee anisikie vizuri, halafu badala ya kumwamkia kila mzee peke yake nitawaamkia wote kwa mpigo mmoja, shikamoo moja badala ya nyingi, hewa nimeiokoa na adabu nimeiokoa. Nikamwendea Agnes jikoni kumwambia, tena kwa majivuno.

Alikuwa anamenya viazi. "Usiguse huo waya."

"Kwako ni baba, umemzoea. Kwangu ni mkwe."

"Fundi alisema nini?"

"Fundi hajaoa huku kwetu."

Akaweka kisu chini. "Zakaria, atakayelala kwenye machela ni mimi. Si wewe, wala si baba."

Maneno yale niliyasikia yote, mpaka leo nayasikia. Lakini Jumamosi alfajiri nilikuwa juu ya mkaratusi na kamba mdomoni. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mkono wangu mwenyewe naukisia, sioni kiwanda kiko wapi wala hospitali iko wapi, nikafunga waya kule nilikodhani ndiko, na kule juu matone yanadondoka, ndege wanaita bila kuonekana, nikajikuta nimetulia kabisa, nimekumbatia tawi, nawaza jinsi mzee atakavyofurahi. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Kumbe nilikuwa nimeugeuza waya mno, ubavu wake ukaangalia kiwanda, ukaangalia na lile pengo la milima nyuma ya kiwanda, na yote yaliyokuwa ng'ambo ya pengo.

Saa mbili ilipokaribia ofisi ilikuwa imejaa. Mwenyekiti, katika furaha yake, alikuwa ameazima spika ya tarumbeta ya mikutano akaifunga nje juu ya mlango ili kila mtu ashuhudie. Wanawake waliacha majembe, wazee waliletewa viti, Agnes alisimama nyuma na mkono kiunoni. Fundi Mhina akaketi kando yangu, akafungua kitabu.

"Waya haukuguswa?"

"Haukuguswa," nikasema. (Hapo mnaweza kunitukana.)

Nilitakiwa kusema hivi tu: Hospitali, hapa Kijiji, wagonjwa hakuna, gari lisije, ova. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi. Nikabonyeza, nikasafisha koo, nikafumba macho kama kawaida yangu, nikasema kwa sauti ya taratibu kabisa, "Wazee wangu wote mnaonisikia, popote mlipo asubuhi hii, hapa ni Zakaria wa Kijiji. Shikamooni."

Nikaachia. Kukawa kimya, na katika kile kimya nikaiona kabisa ile shikamoo yangu inasafiri, inapita juu ya msitu, inaingia kwenye ukungu, inagusa mlango hadi mlango. Sijawahi kusema neno zuri kama lile maishani mwangu.

Halafu wazee wote wakaitika marahaba kwa pamoja.

Mluzi uliotoka kwenye ile tarumbeta, kuku waliruka, mtoto mmoja akajikojolea. Kila mzee akaachia, akasikiliza, hakusikia kitu, akadhani hakusikika, akaona ni vibaya kijana abaki na shikamoo yake mkononi, akabonyeza tena. Mluzi. Wakaachia. Wakabonyeza. Mluzi! Mara akapenya Mzee Hozza, mpokeaji wa hospitali, "Marahaba Zakaria, lakini tulikatazwa..." na kabla hajamaliza mkwe wangu akaingia, "Nani huyo, ni Hozza? Siku nyingi!" Sasa Hozza ni mdogo kwa Shemdoe, angefanyaje? "Aa, Mzee Shemdoe, shikamoo baba!" "Marahaba, watoto hawajambo? Na yule wa mguu?" Na hapo, kutoka mbali kabisa, ikaja sauti ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia, ya mzee sana, inatetemeka: "Marahaba, marahaba. Hapa ni shamba la chai, huku juu ya Muheza. Mimi Kaniki. Nani ameniamkia?"

Fundi akainua kichwa. Kumbe kulikuwa na redio ya nne kwenye wimbi letu miaka yote, milima ilikuwa imetuficha, mpaka mimi nilipoichokoza.

"Kaniki?" akasema mkwe wangu. "Kaniki yule tuliyepasua naye mbao enzi za Mwingereza? Wewe si ulikufa?"

"Nani kasema nimekufa?"

"Kaka, shikamoo! Watu wote wanajua umekufa!"

Nje watu walikuwa wanashikana mbavu. Zamu yangu ikaisha, ya hospitali ikaanza, penseli ya fundi ilikuwa imesimama haiandiki tena, nami nimekodoa macho tu. Ndipo ikaja, kubwa, safi, kama yuko mlangoni: "Zakaria, mkwe wangu, upo? Leo nakusikia vizuri. Hebu niambie, yule mbuzi mweusi..."

Jamani, haikuwa akili, ulikuwa mwili. Sauti ya mkwe imeingia karibu vile, mkono wenyewe ukavua kofia, magoti yenyewe yakakunjika, nikajikuta chini mbele ya meza, maiki nimeikumbatia, nasema, "Nipo, baba," na kwa hofu nikakibana kile kitufe sikiachii. Nikawa nangoja baba ajibu. Na baba hawezi kujibu, maana mimi ndiye niliyeziba hewa nzima! Kicheko cha kijiji kizima kikaenda hospitalini, kikaenda kiwandani, kikaenda kwenye chai, na fundi ananipigia kelele, "Achia! Achia kitufe!" nami nimepiga magoti nasema, "Ndiyo baba, mbuzi hajambo baba."

Agnes akapita katikati ya watu na tumbo lake mbele. Akanifungua vidole, kimoja kimoja, akachukua maiki. Na angalieni: hakubonyeza. Alisikiliza kwanza. Akamngoja baba yake mpaka aliposhusha pumzi, ndipo akasema:

"Tate, nyamaza. Mzee Hozza, nyamaza. Mzee wa chai, samahani sikufahamu, nawe nyamaza. Hii ni zamu ya hospitali. Kijiji, ova."

Kukawa kimya. Yaani kimya cha kweli, mpaka tulisikia umande unadondoka juu ya bati. Hakuna aliyecheka tena, maana binti amemwambia baba yake nyamaza mbele ya milima yote, na mume wa binti yuko sakafuni.

Fundi akatoka nje, akatazama juu ya mikaratusi, akarudi. Akatoa bisibisi mfukoni akaanza kufungua skrubu zinazoshikilia redio kwenye meza. Skrubu ya kwanza. Ya pili. Mimi nilikuwa naona ule ukingo wa maporomoko, na mvua, na ng'ambo hakuna gari.

"Fundi," nikasema, "waya nimeugeuza mimi, na nimekudanganya. Redio haina kosa. Niondoe mimi."

Akanitazama pale chini. Kisha akamtazama Agnes, akalitazama tumbo lake, kwa muda mrefu. Akaanza kurudisha skrubu.

"Mama, saa unaisoma?"

"Naisoma."

Basi nikavuliwa visikio mbele ya kijiji kizima, akavishwa mke wangu juu ya kitambaa chake cha kichwa. Mzee Kaniki akapewa zamu yake kama watu wengine. Mimi nikapewa kazi ya kufyeka majani chini ya waya, na jina jipya: kuanzia siku ile watoto wakiniona wanaimba "Shikamooni! Shikamooni!" wanakimbia.

Masika ikaja. Asubuhi moja, mvua inanyesha, Agnes yuko kwenye redio na mimi niko mlangoni na panga langu, nikamwona ameshika meza kwa mikono miwili. Akajaribu kusema, uchungu ukamzidi, akanisukumia maiki. Nikavaa visikio. Ilikuwa zamu ya kiwanda, na humo ndani alikuwa baba, anasoma magogo yake kwa ile sauti ya polepole, mkuyu, mvule, kafuri. Nikangoja apumue. Alipopumua nikabonyeza.

"Mbao, kimya. Hospitali, hapa Kijiji. Gari. Agnes. Ova."

Nikaachia. Hakuna aliyeitika marahaba, hakuna aliyekohoa. Kisha Hozza akasema, "Gari linatoka."

Lilitukuta bondeni. Mtoto alizaliwa hospitalini jioni, redio zote zimeshafungwa, wa kike, ana kelele huyo! Kwetu habari ya mjukuu inapelekwa na mtu, kwa hiyo alfajiri nilipanda lori la mbao, na saa moja nikawa kiwandani. Mzee Shemdoe alikuwa tayari ameketi mbele ya redio yake. Nikavua kofia, nikachutama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuuliza mahindi, hakuuliza nyumba.

"Ni wa kike, baba. Wote wazima."

Akafunika uso kwa mikono. Mezani niliiona orodha yake ya jana, imetiwa alama mpaka katikati, na nusu yake haijasomwa.

"Tangu uliponiambia kimya," akasema, "sijabonyeza tena. Mchana wote. Meneja amenigombeza. Niliogopa nisije nikamfunika mwanangu."

Mimi nikabaki nimechutama pale, nalia kama mtoto. Ndiyo maana nikishika simu nasema shida yangu nakata. Salamu nazipeleka kwa miguu.